Elimu ya Ubongo na Elimu ya Mashine: Safari ya Demis Hassabis

(Maneno ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya vijana baada ya futari. Yamepangwa upya kidogo kwa ajili ya msomaji.)



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.T), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu yangu msomaji, na wewe dada yangu, nilipoombwa nizungumze juu ya vijana wa Kiislamu na sayansi nilijua unatarajia nini. Unatarajia nimtaje al-Khwarizmi, nimtaje Ibn Sina na Ibn al-Haytham, tupige takbiri, halafu twende zetu tukanywe uji. Kila Ramadhani twawataja hao, na mwaka ukizunguka twawataja tena. Allah awarehemu, wao kazi yao waliifanya. Leo nakuletea mtu aliye hai, tena si Muislamu, ambaye kazi ya kampuni yake huenda imo ndani ya hiyo simu uliyoiweka mfukoni. Na nataka tumpime, maanake kuna ya kuchukua kwake na kuna ya kumuuliza.

Jina lake ni Demis Hassabis. Alizaliwa London mwaka 1976, baba yake Mgiriki wa Saiprasi na mama yake Mchina wa Singapore. Mwaka 2024 alipata Tuzo ya Nobel ya kemia pamoja na John Jumper na David Baker. Sasa sikiza: mtu huyu hakusomea kemia. Shahada yake ya kwanza ni ya kompyuta, na ya uzamifu ni ya ubongo. Kwetu sisi kijana akibadilisha kozi mara moja tu, wazee huita kikao. Huyu alibadilisha, akabadilisha tena, na ukitazama vizuri utaona kuwa tangu utotoni hakuwahi kuliacha swali lake moja: akili hufanya kazi vipi?

Swali hilo lilianza kwenye ubao wa sataranji. (Habari ya sataranji ina maneno yake kwa wanavyuoni, hilo kamuulize sheikh, usiniulize mimi.) Alifunzwa akiwa na miaka 4, na alipofika 13 alikuwa ameshaingia daraja la mabingwa. Kwa pesa za zawadi alinunua kompyuta yake ya kwanza akiwa na miaka 8, akakaa na vitabu akajifundisha mwenyewe kuiandikia programu. Amesimulia mara nyingi kwamba kucheza kule ndiko kulikomfanya ajitazame ndani: hizi hatua ninazozipanga kichwani zatoka wapi, na kwa nini mara nyingine zatoka za makosa?

Akiwa na miaka 17 alishiriki kubuni mchezo wa kompyuta uitwao Theme Park, uliotoka mwaka 1994 na kuuza mamilioni ya nakala. Ni mchezo wa kuendesha uwanja wa burudani. Ndani yake mna wageni, vijitu vidogo vidogo, ambao hufurahi, huchoka, hata hutapika, kulingana na unavyoupanga uwanja wako. Ukiongeza chumvi kwenye chipsi, watanunua vinywaji zaidi. Watu waliuona ni mchezo tu, lakini yeye tayari alikuwa akijaribu kutengeneza viumbe vya kompyuta vinavyojiamulia mambo.

Akaenda Cambridge, akamaliza kompyuta mwaka 1997 kwa daraja la juu kabisa. Mwaka 1998 akafungua kampuni yake ya michezo, Elixir Studios. Mchezo wake wa kwanza ulikusudiwa kuwa na nchi nzima ndani ya kompyuta, na raia wake, na siasa zake. Ulipotoka mwaka 2003 ulikuwa umekatwakatwa sana, maana kompyuta za wakati ule hazikuweza kuubeba mzigo huo. Mwaka 2005 kampuni ikafungwa.

Hapa nakuomba usimame kidogo. Mtu ana miaka 28, ameshapata jina, kampuni imefungwa. Sisi tungemwambia nini? Tafuta kazi bwana, una ujuzi, kampuni kubwa zitakuchukua. Yeye alirudi darasani kuwa mwanafunzi, na si wa kompyuta. Alikwenda chuo kikuu cha University College London kusomea ubongo, maana alishaona kwamba akitaka kutengeneza mashine inayofikiri, itabidi kwanza ajue kile kitu pekee tunachojua kwa yakini kwamba kinafikiri kinafanyaje.

Mwalimu aliyemsimamia alikuwa mwanamke kutoka Ireland, Eleanor Maguire, ambaye alifariki Januari 2025. Bibi huyu ndiye aliyewapima madereva wa teksi wa London. Ili upate leseni ya teksi kule ni lazima uihifadhi mitaa ya mji kichwani, barabara kama 25,000, na kazi hiyo huchukua miaka mitatu, minne. Mwaka 2000 Maguire na wenzake walionyesha kwamba sehemu ya nyuma ya kiungo kimoja cha ubongo kiitwacho hipokampasi ilikuwa kubwa zaidi kwa madereva wale kuliko kwa watu wengine, na kadiri dereva alivyodumu kazini ndivyo ilivyozidi.

Utasema, aah, labda wao walizaliwa hivyo, na ndiyo maana wakawa madereva. Hoja nzuri. Maguire naye aliiona. Basi kwa miaka kadhaa yeye na mwenzake wakawafuatilia watu 79 waliokuwa ndiyo kwanza wanaanza kujifunza hiyo mitaa. Mwanzoni ubongo wao haukuwa na tofauti. Waliofaulu walikuwa 39, na walipopigwa picha tena, ni hao peke yao waliokuwa wameongezeka. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2011. Kwa hivyo ni kuhifadhi kwenyewe kulikowabadilisha.

Kwa mwalimu kama huyo ndiko Hassabis alikokwenda. Na swali alilouliza lilikuwa zuri sana, tena rahisi hata mtoto angeliuliza. Tunajua kwamba mtu ambaye hipokampasi zake zimeharibika pande zote mbili hawezi kukumbuka yaliyompata. Je, anaweza kuwaza yale ambayo bado hayajampata?

Wakawachukua wagonjwa 5 wa namna hiyo, na watu wazima wa afya wa kulinganisha nao. Wakawaambia: jione umelala kwenye mchanga mweupe, ufuoni, kwenye ghuba nzuri ya nchi za joto. Eleza unachokiona. Sasa wewe wa Pwani swali hili kwako ni la bure. Utataja minazi, mashua, watoto wanaokimbizana, harufu ya samaki, jua linavyochoma. Watu wa afya walifanya hivyo hivyo hata kama hawajawahi kufika. Wagonjwa, isipokuwa mmoja, walishindwa. Si kwamba hawakujua ufuo ni nini. Walitaja mbingu ya buluu, walitaja mchanga, lakini vipande havikuungana vikawa mahali pamoja. Yule mmoja aliyeweza, ilionekana hipokampasi yake ilikuwa imebakiwa na sehemu.

Makala yao ilitoka mwaka 2007, na mwisho wa mwaka jarida la Science likaitia kazi hiyo katika mambo kumi makubwa ya sayansi ya mwaka ule. Maana yake ni hii: kumbukumbu si stoo ya kuwekea mambo ya zamani tu. Ni karakana. Mbao zile zile ulizoziweka jana ndizo unazochongea fikra ya kesho, na aliyepoteza jana amepoteza na kesho pia.

Ndugu msomaji, sisi tuliopita madrasa tumechekwa sana. Twaambiwa kuhifadhi ni kazi ya kasuku, kwamba mtoto aliyekaa na juzuu yake akiyumbayumba toka alfajiri anapoteza wakati, heri angefunzwa kufikiri. Mimi sitakuambia kwamba utafiti wa London umethibitisha fadhila za hifdhi. Haukuwapima mahafidhi, na fadhila za hifdhi hazingoji mashine ya hospitali kuzithibitisha. Ninalosema ni dogo zaidi: huo ugomvi wa ati kuhifadhi upande huu na kufikiri upande ule, wanaojua ubongo hawauoni hivyo. Asiye na kitu kichwani hana cha kufikiria nacho. Na upande wa pili vilevile, mwenye mbao tele ambaye hajawahi kuchonga hata kigoda, naye tumjue.

Tuendelee. Hassabis alipata uzamifu mwaka 2009, akabaki hapo hapo kwenye idara inayoufanyia ubongo hesabu, na humo akakutana na Shane Legg wa New Zealand. Mwaka 2010 wao wawili na Mustafa Suleyman, kijana wa London ambaye baba yake ni Msyria aliyekuwa dereva wa teksi, wakafungua kampuni iitwayo DeepMind. Mwaka 2014 Google wakainunua.

Kazi iliyowapa jina ni ile iliyotoka katika jarida la Nature mwaka 2015. Waliichukua programu moja wakaipa michezo 49 ya zamani ya Atari. Hawakuieleza kanuni za mchezo wowote. Iliona tu picha ya kwenye kioo na alama zake, ikajaribu, ikakosea, ikajaribu tena. Katika zaidi ya nusu ya michezo hiyo ilifikia angalau robo tatu ya alama za mtu aliyebobea, na mingine ilimpita mbali.

Siri yake mojawapo ni hii, na hapa ndipo zile elimu mbili zilipokutana. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba panya akishatembea mahali mchana, chembe za hipokampasi yake zilizofanya kazi pamoja njiani huwaka pamoja tena anapolala. Ni kama usingizini anaipitia safari yake. Wale wa DeepMind waliitilia programu yao jambo linalofanana na hilo: kila linalotokea linawekwa, na wakati wa kujifunza programu haisomi tu lililo mbele yake, bali huchota yaliyopita, hapa moja, pale moja, ikayadurusu. Wazo lenyewe katika kompyuta lilikuwapo tangu mwanzo wa miaka ya 1990, hawakulivumbua wao. Lakini waliijua kazi yake katika ubongo, na wakalipa nafasi. Kisha wakafanya jaribio la kuiondoa ile durusu. Katika mchezo wa Breakout, ule wa kuvunja matofali kwa mpira, alama zikaanguka kutoka zaidi ya 300 hadi karibu 10.

Tatu mia hadi kumi! Yeyote aliyewahi kuiacha sura mwezi mzima bila murajaa, halafu maalim akamwita mbele ghafla, anazijua hesabu hizo. Na katika mwezi huu huu tunaofunga, Jibril (A.S) alikuwa akimjia Mtume wetu (S.A.W) kila mwaka kudurusu naye Qur'ani, na mwaka wa mwisho wa uhai wake akaipitia naye mara mbili.

Daraja hilo lina njia mbili, na jambo hili wengi hawalijui. Si ubongo tu unaoifunza mashine. Mwaka 2020 watu wa DeepMind pamoja na maabara moja ya Harvard walichukua fomula ambayo ilishafanya vizuri ndani ya mashine, ile ya kukisia malipo si kwa wastani mmoja bali kwa makisio mengi tofauti, mengine ya kutarajia mazuri na mengine ya kutarajia mabaya, wakaenda kuitafuta katika ubongo wa panya. Wakaikuta. Chembe zinazotoa dopamini hazikisii sawasawa, nyingine zina matumaini na nyingine zina wasiwasi. Kama sisi tu hapa msikitini.

Habari ya AlphaGo kumshinda bingwa wa Korea Kusini, Lee Sedol, michezo 4 kwa 1 mwaka 2016, naipita, maana hiyo iliandikwa kila mahali. Iliyomletea Nobel ni AlphaFold. Mwili wako umejengwa kwa protini, na protini ni mnyororo mrefu unaojikunja ukawa na umbo, na umbo ndilo linaloamua kazi yake. Kulijua umbo moja kwa njia za maabara kungeweza kumchukua mwanafunzi wa uzamifu miaka. Mwaka 2020 programu yao iliweza kulikisia umbo kutokana na mnyororo peke yake, kwa usahihi ambao haukuwahi kuonekana. Kufikia 2022 walikuwa wameweka wazi maumbo zaidi ya milioni 200, bure. Watafiti wa Oxford waliitumia kupata umbo la protini moja ya kimelea cha malaria ambayo walikuwa wakiitafutia chanjo kwa miaka. Malaria sihitaji kukueleza wewe.

Basi hiyo ndiyo sifa yake, na nimemsifu kwa haki. Sasa upande wa pili.

Dini yetu inaiita elimu amana, na amana huulizwa. Mwaka 2017 Ofisi ya Kamishna wa Habari ya Uingereza iliamua kwamba taasisi ya hospitali ya Royal Free ya London ilikwenda kinyume cha sheria ilipowapa DeepMind rekodi za wagonjwa milioni 1.6 kwa ajili ya kujaribu programu ya kugundua maradhi ya figo. Aliyetiwa makosani ni hospitali, si kampuni. Na nia ilikuwa njema, kuokoa watu. Lakini wagonjwa wenyewe hawakuelezwa ipasavyo. Siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa, hata ukiwa wataka kumtibu jirani yake.

La pili ni zito zaidi. Google ilipoinunua DeepMind mwaka 2014 ilitajwa kuwa waanzilishi waliweka sharti kwamba kazi yao isitumiwe kijeshi. Mwaka 2018 Google wenyewe wakaandika kwamba hawatatengeneza akili bandia kwa ajili ya silaha. Mwaka 2024 karibu wafanyakazi 200 wa DeepMind walitia saini barua ya kuitaka kampuni iache mikataba ya kijeshi. Februari 2025 ile ahadi ya silaha ikaondolewa katika kanuni za Google, na makala ya kuyaeleza mabadiliko hayo ilikuwa na majina mawili, na moja ni la Demis Hassabis. Hoja yao ni kwamba dunia inashindana, na ni bora nchi za kidemokrasia ziwe mbele katika jambo hili.

Hoja hiyo mimi haikuniingia. Kila anayetengeneza silaha katika historia amesema ni bora niwe nayo mimi kuliko yule. Na mtu huyu huyu Mei 2023 alitia saini tamko la kwamba hatari ya akili bandia kumaliza wanadamu ipewe uzito sawa na vita vya nyuklia. Waliobomolewa nyumba zao kwa silaha zilizochaguliwa shabaha na kompyuta, wewe wajua wengi wao wanaswali wakielekea wapi. Basi tusiwe watu wa kupiga makofi tu kila tukisikia neno Nobel.

Kuna ndugu aliyeniuliza kama kutengeneza akili ni kujifananisha na Muumba. Jawabu langu, na masheikh wanirekebishe: huyu bwana alianza na kiungo kidogo kisichozidi kidole, akakitazama miaka minne, akatoka na swali moja lililojibiwa nusu. Mashine yake ya Atari, pamoja na ujanja wake wote, ilihitaji kucheza mchezo mmoja kwa muda sawa na siku 38 mfululizo ili ijue kile ambacho mpwa wako anakijua kwa saa moja. Anayeusoma ubongo kwa dhati hawezi kudai ameuumba.

Mwisho, kwa wale wa kidato cha nne mnaongoja matokeo na mmeniuliza muingilie wapi. Hakuna kozi iitwayo "ubongo na mashine" ya kungojea. Usiitupe baiolojia kwa sababu wapenda kompyuta, wala usiitupe hesabu kwa sababu wataka udaktari. Huku kunahitaji zote mbili, na hesabu hasa ya takwimu na uwezekano. Yale maumbo milioni 200 hayana malipo, yafunguka hata kwenye kompyuta ya saiba. Makala ile ya 2007 ya wagonjwa na ufuo ni kurasa chache, na yasomeka kwa kamusi na subira. Nina nakala mbili, moja ipo kwa ndugu katibu. Anayeitaka amuone baada ya tarawehe, na airudishe kabla ya Idi.

Wabillahi tawfiq, wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.